UZI: Kambi haiendeshwi na askari peke yao. Tuwazungumze raia walioajiriwa jeshini

BintiLangoni (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wanajukwaa, na salamu kwa wote.

Kila ikitajwa kambi ya jeshi ya Magogoni hapa Amu (Lamu), maneno ya barazani hukimbilia mambo mawili: mashambulizi na Wamarekani walio ndani yake. Mimi nataka tuzungumze la tatu, raia wanaofanya kazi ndani ya jeshi. Sisemi majirani wa kambi. Nasema mtu asiye na cheo wala bunduki, ambaye hakula kiapo cha uaskari, lakini kila asubuhi anapita langoni na kitambulisho chake, na asipokuja boti ya doria haitoki gatini.

Niweke msimamo wangu mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kushika. Jeshi lisilo na raia wake wa kudumu, wenye ajira ya serikali na pensheni, halibaki kuwa la askari watupu. Hujaa makandarasi na vibarua. Hapo ndipo hesabu zinapopotea, ujuzi unapopotea, na mtu akiumia hapatikani wa kumjibia.

Tuanzie juu. Katiba ya 2010, kifungu cha 239, inasema vyombo vya usalama wa taifa viko chini ya mamlaka ya kiraia. Wengi wakisoma hapo humfikiria Rais tu, kwa kuwa ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Lakini soma kifungu cha 241 kilivyoliunda Baraza la Ulinzi: Waziri wa Ulinzi ni mwenyekiti, kisha Mkuu wa Majeshi, makamanda watatu wa Jeshi la Nchi Kavu, Anga na Wanamaji, na Katibu wa Wizara. Watu 6, wawili hawavai magwanda, na mmoja wa hao wawili ndiye anayeongoza kikao. Katibu naye ndiye mwenye dhamana ya hesabu. Mkaguzi Mkuu akiona pengo, anayeitwa mbele ya kamati ya Bunge kueleza shilingi ilikokwenda ni yeye.

Sasa tushuke kwa wale ambao Katiba haikuwataja. Karani wa mishahara. Mhasibu. Fundi wa jenereta. Mtunza bohari. Muuguzi wa hospitali ya jeshi. Mwalimu wa Moi Forces Academy. Mfanyakazi wa kiwanda cha risasi kule Eldoret, ambacho ni shirika la serikali chini ya Wizara ya Ulinzi. Hao ukiwaondoa, askari itabidi aweke bunduki chini akafanye kazi zao, na atazifanya kwa muda tu kisha ahamishwe.

Hilo la kuhamishwa ndilo kiini cha yote. Afisa wa jeshi hukaa kituo kimoja miaka michache, kisha anapelekwa kwingine: kozi, kikosi kingine, operesheni ya nje ya nchi. Ndio utaratibu wa majeshi karibu yote na una maana yake, kwani kamanda anayejua kazi moja tu si kamanda. Lakini mitambo haihamishwi. Meli za KNS Nyayo na KNS Umoja ziko kwenye jeshi letu la wanamaji tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Hesabu wenyewe ni makamanda wangapi wamepita juu ya sitaha zile. Anayekumbuka mtambo ulifunguliwa lini, kipuri gani kilikuja kibovu, na ni mwenye duka gani hafai kupewa zabuni tena, mara nyingi ni raia aliyeshinda pale pale muda wote huo.

Na mikataba je? KNS Jasiri iliagizwa kwa mkataba wa 2003 na ikafika Mombasa 2012. Miaka tisa ya mabishano ya zabuni kwa meli moja. Katika miaka hiyo tisa vyeo vilibadilika, mawaziri walibadilika, serikali yenyewe ilibadilika. Kitu pekee kinachoweza kuvuka kipindi kama hicho kikiwa kizima ni faili, na faili halina maana bila mtu anayelijua.

Karibuni tujadili. Matusi sitayajibu.

Mlinzi_wa_Kiunga

Dada, nimekusoma kwa heshima. Lakini wewe uko mjini. Sisi wa Kiunga na Ishakani tunaishi na doria tangu jeshi livuke mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011. Kila anayeingia kambini ni jicho. Mpishi anajua askari wangapi wanakula. Dereva anajua gari linaondoka saa ngapi. Mtu wa bohari anajua mafuta yamebaki mapipa mangapi. Habari hizo zikimfikia adui, watu wanakufa.

Mimi nasema kambi zote za huku ziwe za askari watupu. Mpishi askari, fundi askari, karani askari. Raia wabaki Nairobi na kambi ya wanamaji ya Mtongwe, Mombasa. Tarehe 5 Januari 2020, Al-Shabaab waliposhambulia Magogoni, haikutufunza kitu?

BintiLangoni

Kaka Mlinzi, ahsante kwa kuja na hoja. Nusu yake naikubali waziwazi: kwenye kambi za msituni, Baure na kule Boni ndani, mahali ambapo mabomu ya barabarani yamekula magari, sioni sababu ya kumpeleka karani wa kiraia. Huko askari ajipikie.

Lakini twende kwenye hiyo Januari 2020, maana umeitaja wewe. Wamarekani watatu waliuawa Magogoni siku ile. Mmoja alikuwa mwanajeshi. Wawili walikuwa marubani wa kampuni ya kandarasi, wakirusha ndege za upelelezi kwa niaba ya jeshi lao. Hawakuwa askari wala watumishi wa wizara. Tazama sasa: nchi yenye jeshi la fedha nyingi kuliko yote duniani, na raia zaidi ya 700,000 kwenye orodha ya mishahara ya Wizara yake ya Ulinzi, huku kwetu ilikuwa ikitegemea kampuni kurusha ndege zake.

Ndiyo maana nasema usidhani ukiwafukuza raia unabaki na askari. Kazi haifi. Mashine itaharibika tu, choo kitaziba tu, mshahara lazima ulipwe. Nafasi ya mtumishi ikifutwa, kazi ile inarudi kwa mlango mwingine ikiitwa zabuni. Marekani wamelipitia hili mara nyingi. Mwaka 2013, bajeti ilipokatwa, mamia ya maelfu ya raia wa wizara ile walilazimishwa kukaa nyumbani siku 6 bila malipo. Mapema 2025 wizara hiyohiyo ikatangaza kupunguza raia wake kwa asilimia 5 hadi 8. Askari hawakuguswa kwa mkasi ule, lakini watumishi wa kiraia waliguswa, na hao ndio askari anaowategemea.

Kuhusu siri: kati ya watu wawili hawa, nani wa kuogopewa zaidi? Mmoja ana faili serikalini, amepekuliwa, nyumba yake inajulikana, wadhamini wake wanajulikana, na ana pensheni ya kupoteza. Mwingine ameokotwa na mkandarasi mdogo asubuhi pale Mokowe kwa sababu mwenzake hakutokea. Mimi huyo wa pili ndiye anayeninyima usingizi.

Mstaafu_Bohari

Mwanangu BintiLangoni, Mungu akuweke. Mimi ni mmoja wa hao unaowasema. Nimefanya kazi ya bohari maisha yangu yote ya ajira, raia, na nimestaafu salama. Kambi sitaitaja.

Watu hudhani bohari ni rafu na kufuli. Bohari ni kumbukumbu. Kila kipuri kina namba. Mtengenezaji akibadilisha namba, kipuri ni kilekile lakini karatasi inasema kingine. Siku moja afisa mpya, kijana mwenye bidii kabisa, alitaka kuagiza pampu kutoka ng'ambo kwa dharura kwa sababu orodha ilionyesha hatuna. Tulikuwa nazo. Zilikuwa rafu ya nyuma, kwa namba ya zamani, zimepakwa grisi na kufungwa karatasi. Nilimpeleka akaziona kwa macho yake. Yule afisa baadaye akawa hafanyi uagizaji bila kuniita kwanza, na alipohamishwa alimleta mwenzake kwangu kabla hata ya kumwonyesha ofisi.

Niwaambie na la pili. Raia ana nafasi moja ambayo askari hana. Askari akipewa amri na mkubwa wake, hutii. Mimi nikiletewa karatasi ya kutoa mali bila sahihi inayotakiwa, kazi yangu ni kusema, "Bwana mkubwa, hii siwezi." Wala si ubishi. Taratibu za fedha za serikali ndizo zinazosema hivyo, na kamanda mzuri hushukuru kwa kuwa zinamlinda yeye. Wapo wasioshukuru. Nao nimewaona.

Mlinzi, mwanangu wa Kiunga, hofu yako naielewa. Lakini kwa kazi yetu tulipekuliwa na tuliapishwa kutunza siri za serikali. Ukizitoa nje, ni jela.

FundiMatondoni

Mimi ni mtu wa majahazi, mambo ya katiba nawaachia. Ila nimemwelewa Bi Langoni kwa upande wangu. Jahazi likiwa baharini sifa ni za nahodha. Lakini kabla ya kuingia majini kuna mkalafati aliyeziba kila uwazi kwa pamba na mafuta, na yeye hapandi chomboni. Akifanya kazi mbovu, nahodha awe bingwa namna gani atazama.

Swali langu: ile karakana ya meli ya serikali kule Mtongwe, wanaofanya kazi mle ni askari au ni raia? Maana vijana wa kwetu wana mikono.

BintiLangoni

Fundi, swali zuri. Kenya Shipyards iliundwa 2020 kama kampuni ya serikali chini ya Wizara ya Ulinzi, na ina karakana mbili, Mtongwe na Kisumu. Uongozi wake una wanajeshi, lakini ni kampuni, na mafundi wa kuchomelea, wa umeme na wa mitambo wanaweza kuwa raia. Sababu ya kuianzisha inahusu uzi huu moja kwa moja. Kabla ya hapo meli zetu kubwa zilikwenda ng'ambo kufanyiwa matengenezo makubwa. Nyayo na Umoja zilipelekwa mpaka Italia. Fedha ilikwenda, na ujuzi ulibaki hukohuko.

Kwa kuwa wewe ni fundi, nikusimulie kisa ambacho kila anayedharau raia wa jeshi angefaa kukijua. Mei 1942 meli ya Marekani ya kubebea ndege, Yorktown, iliingia Pearl Harbor ikiwa imepigwa bomu kwenye vita vya Bahari ya Matumbawe. Makadirio yalisema matengenezo yatachukua kama miezi mitatu. Admirali Nimitz, mkuu wa meli za Marekani huko Pasifiki, aliwaambia anaihitaji kwa siku tatu. Mafundi zaidi ya 1,400 wa chelezo, yaani karakana ya meli, cha pale wakaingia ndani yake, usiku na mchana, wakikata chuma na kuunga, wengine wakiendelea na kazi hata meli inapoanza kuondoka. Siku chache baadaye ilipigana Midway, mwanzoni mwa Juni, na ndege zake zilishiriki kuzamisha meli za Japani za kubebea ndege. Yenyewe ilizama kwenye vita hivyo. Lakini bila wale wachomeleaji, Marekani ingeingia Midway na meli mbili za ndege badala ya tatu.

Wengi wa mafundi wale hawakuwa askari. Walikuwa watumishi wa kiraia wa jeshi la wanamaji. Na hawakupatikana kwa tangazo la zabuni la wiki ile. Walikuwapo tayari, wamezoeana, na kila mmoja anajua zana iko wapi. Hilo halinunuliki siku ya haja.

Na kwa mabaharia wenzetu: Uingereza ina kikosi cha meli za mafuta na shehena kiitwacho Royal Fleet Auxiliary, tangu 1905. Mabaharia wake ni raia, watumishi wa Wizara ya Ulinzi. Wanafuata manowari popote ziendako. Katika vita vya Falklands, 1982, meli yao ya Sir Galahad ilipigwa mabomu tarehe 8 Juni, watu wengi wakafa. Mwaka 2024 mabaharia hao waligoma kwa sababu ya mishahara iliyobaki nyuma kwa miaka. Jeshi la wanamaji lenye manowari za kisasa lilijikuta na upungufu wa watu wa kuzipelekea mafuta. Nadhani mnaona ninakoelekea.

MalindiBarani

Nipo Malindi, nawasoma tangu juzi. Naomba kuligeuza jambo upande wa pili, kwa sababu naona mnazungumzia raia kuingia jeshini peke yake. Na askari kuingia kazi za raia je? Machi 2020 Nairobi ilipewa idara mpya ya kuendesha jiji, na mkuu wake alikuwa Meja Jenerali Mohammed Badi. Mwaka uleule Tume ya Nyama ikahamishiwa Wizara ya Ulinzi. Hoja iliyotolewa ilikuwa nidhamu: askari haibi, askari hachelewi. Watu wengi hapa walipiga makofi.

Mimi sikupiga, na sababu zangu si chuki. Anayezoea kutoa amri hazoei kuulizwa maswali na diwani. Halafu kila jenerali anayeuza nyama au kufagia mitaro ni jenerali aliyepungua kwenye kazi aliyosomeshwa kwa kodi yetu.

Hapa kwetu tuna mfano wa watu kuchanganyika vizuri, ingawa si wa jeshi hasa. Kituo cha anga cha Ngomeni cha Waitaliano, kilichorusha setilaiti kutoka baharini kati ya 1967 na 1988, kiliasisiwa na Luigi Broglio, aliyekuwa profesa na pia afisa wa jeshi la anga la Italia. Setilaiti ya Uhuru iliruka pale tarehe 12 Desemba 1970. Lakini kazi yenyewe ilikuwa ya chuo kikuu, wahandisi na mafundi wa kiraia. Mwanajeshi alikuwa na nafasi yake, mwanasayansi na yake.

Mlinzi_wa_Kiunga

MalindiBarani hapo umesema kweli. Na mimi sikatai kwamba karani anatakiwa. Ninachosema ni kwamba mkiwaleta raia kambini huku, mnawafanya shabaha. Al-Shabaab hawatamuuliza mtu kama ana cheo au hana. Bora asiwepo.

BintiLangoni

Kaka, hilo ndilo gumu kuliko yote uliyoyasema, na halina jibu jepesi.

Sheria ya vita inamtambua mtu huyu. Mkataba wa tatu wa Geneva wa 1949, kifungu cha 4, unawataja wanaofuatana na jeshi bila kuwa sehemu yake: raia walio kwenye ndege za kijeshi, waandishi wa habari, wenye zabuni za kuleta vyakula, vikundi vya wafanyakazi. Wakikamatwa katika vita vya nchi na nchi wana haki ya kutendewa kama mateka wa vita, na jeshi linatakiwa liwape kitambulisho cha kuonyesha hilo. Na raia hapotezi ulinzi wake wa kiraia mpaka yeye mwenyewe ashiriki kupigana. Kupika wali si kupigana. Kuelekeza bomu kwa kompyuta ni kupigana, hata ukivaa kanzu. Ndiyo sababu sitaki mstari huu ufutwe kwa uzembe, leo fundi, kesho rubani wa ndege ya upelelezi, keshokutwa mwenye kubonyeza kitufe.

Al-Shabaab hawasomi mikataba, nakubali. Basi kinachobaki mikononi mwetu ni kuhakikisha kwamba anayeingia kambini ameandikwa, amepewa mafunzo ya kujificha na kuhama hatari, ana bima, na familia yake inajua pa kwenda. Na tuna historia mbaya sana ya kutofanya hivyo. Vita vya kwanza vya dunia vilipiganwa huku Afrika Mashariki kwa mabega ya wapagazi. Walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, raia, wengi kwa nguvu, wakabeba risasi na unga kumwandama von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Pale barabara ya Kenyatta, Nairobi, kuna sanamu ya watu watatu, mmoja wao mpagazi. Majina hayapo. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Miaka mia moja baadaye.

Walikuwa raia wanaoendesha jeshi, na hakuna aliyewaandika. Nisiponyamaza kuhusu ajira za kudumu na vitambulisho, sababu ni hiyo.

TangaMjini

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Huku kwetu tunawaita watumishi raia, na wapo wengi chini ya Wizara ya Ulinzi na JKT (Jeshi la Kujenga Taifa). Ukienda hospitali ya Lugalo, Dar es Salaam, anatibiwa askari na anatibiwa raia. Kule Kibaha kuna kituo cha Nyumbu cha teknolojia ya magari, na Morogoro kuna Mzinga, shirika la silaha la jeshi. Vijana wahandisi wanaajiriwa bila kuwa askari. Tatizo lenu la vibarua hata huku lipo kwenye kazi za ujenzi. Endeleeni, tunajifunza.

KijanaWaHindi

Mimi naishi Hindi, njia ya Magogoni. Naomba kuuliza swali la kweli, msinicheke. Nimesomea umeme wa majengo, nina cheti. Kuna mtu ananiambia kuna kazi kambini, upande wa Wamarekani, kupitia kampuni. Mwingine ananiambia ningoje tangazo la serikali. Mama ananiambia niache yote mawili niende bandarini Kililana. Nifanyeje? Na nikiumia ni nani anayenilipa?

BintiLangoni

Mdogo wangu, hakuna wa kukucheka hapa. Umeuliza lililo muhimu kuliko maneno yangu yote ya juu.

Jambo la kwanza kulijua kabla ya mshahara ni mwajiri wako ni nani kwenye karatasi. Ukiajiriwa na Wizara ya Ulinzi kama raia, wewe ni mtumishi wa umma wa Kenya. Ukiumia kazini inakuhusu Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, ile watu wanayoiita WIBA. Sheria hiyo inawahusu waajiriwa wote wa serikali isipokuwa wanajeshi wenyewe, ambao wana taratibu zao. Mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazi, wategemezi wake wanastahili mapato yake ya miezi 96. Mwajiri binafsi naye analazimishwa na sheria hiyohiyo kukukatia bima. Kwa hiyo hata kampuni ya kandarasi ya hapa Kenya haina ruhusa ya kukuambia "wewe ni kibarua, huna haki." Kibarua anayeumia ana haki.

Ukiajiriwa na kampuni yenye mkataba na jeshi la Marekani, kuna sheria yao ya 1941 inayowataka makandarasi wa kambi za ng'ambo kuwakatia bima wafanyakazi, na inawahusu hata wasio Wamarekani, isipokuwa pale wizara yao ya kazi imetoa msamaha kwa wenyeji wanaolindwa na sheria ya nchi yao. Kwa hiyo uliza swali moja: "Bima yangu ni ya sheria ipi, na cheti chake kiko wapi?" Akikuzungusha, ondoka.

Mkandarasi mdogo aliyeajiriwa na mkandarasi mkubwa ndiye wa kuangaliwa sana. Hapo ndipo majina hupotea.

Na usikubali kuanza kazi kabla ya kuwa na barua yenye jina la mwajiri, kazi yenyewe, malipo na muda wa mkataba. Piga picha barua hiyo, mwachie mama nakala.

Mstaafu_Bohari

Niongezee kwa kijana. Nafasi za raia wizarani hutangazwa wazi, kwenye magazeti na tovuti ya Wizara ya Ulinzi au Tume ya Utumishi wa Umma. Usichanganye na zoezi la kuandikisha makuruti, wale wanaokimbia uwanjani. Hiyo ni njia nyingine, ingawa na humo kuna nafasi za mafundi wenye vyeti kama wewe, na ukiingia kwa njia hiyo unakuwa askari. Amua mwenyewe unataka ipi. Kuomba kwa njia zote mbili hakulipiwi. Anayekuomba hata shilingi mia ili akupitishe ni mwizi, na wapo vijana wa hapa Amu waliouza mbuzi na shamba la mama kwa barua za bandia.

Cheti chako cha umeme kipeleke kikahakikiwe mapema kilikotoka. Wakati wa kuitwa mahojiano, wengi hukwama hapo. Uwe na cheti cha tabia njema cha polisi, na kitambulisho chako kiwe na jina lilelile lililo kwenye vyeti vya shule, herufi kwa herufi. Sisi wa pwani tuna taabu hii: shuleni umeandikwa jina la babu, kitambulisho kina jina la baba, na cheti cha kuzaliwa kina jina la tatu. Karani atakurudisha, na atakuwa na haki.

KijanaWaHindi

Ahsante sana mzee wangu, ahsante dada. Kitambulisho kina "Athman", cheti kina "Othman". Kesho naenda Mokowe kuanza kulirekebisha.

Mstaafu_Bohari

Anza na cheti cha kuzaliwa, mwanangu, kisha hati ya kiapo kwa wakili. Kitambulisho kifuate mwisho. Ukianza na kitambulisho watakurudisha mwanzo.